Mchinjaji Aliyekula Dengu

Alikuwa akija msibani na vitu viwili: kisu kwenye ala ya ngozi, na hotpoti ndogo ya bluu. Kisu kilikuwa cha kazi. Hotpoti ilikuwa na chakula chake, ugali wa uwele na dengu, maana mtu huyu aliyewachinjia wanakijiji wote ng'ombe, mbuzi na kondoo wao alikuwa hali nyama. Akimaliza kuchinja ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anajitenga na moshi, anafungua hotpoti yake na kula taratibu, huku wanaume wenzake wakigombea maini.

Tulimwita Mchinjaji, na mimi nitamwita hivyohivyo. Kijiji chetu kiko ndani kidogo ukiiacha barabara kuu pale Ihanja, na tunaishi humo Wakristo na Waislamu mlango kwa mlango. Akifa Mkristo, Waislamu wanakuja kuchimba kaburi. Akioa Mwislamu, Wakristo wanakuja kucheza. Ili wote tule sufuria moja, anayechinja huwa Mwislamu, na kwetu alikuwa yeye. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, ni ustaarabu wetu tu, na ni mzuri. Lakini maana yake ni kwamba mkono wa mtu mmoja ndio ulioamua kama sufuria ya shughuli itakuwa na nyama au haitakuwa nayo. Akikataa, nusu ya wageni hawali.

Niseme mapema kwamba nina hasira, ili anayetafuta maneno matamu ajue hayapo hapa. Nilimkasirikia yeye kwa miaka mingi. Baadaye niliwakasirikia wengine, na hasira hiyo ninayo mpaka leo ninapoandika. Sioni aibu nayo. Naona aibu kwa mambo mengine, nitayafikia.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mali yetu ilikuwa shamba, plau, na maksai wawili, Doa na Kifaru. Doa alifungwa nira upande wa kulia, Kifaru kushoto, na tangu wafundishwe kazi hawakuwahi kubadilishwa. Siku ya msiba, baba mdogo na wazee wa ukoo walikaa kwenye mabenchi nje, wakapanga. Mama alikuwa ndani kwenye mkeka na kina mama wengine, kanga usoni, na hakuna aliyeinama mlangoni kumuuliza chochote. Wakaamua achinjwe Doa. Namkumbuka baba mdogo alivyosema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Tunachukua mmoja tu. Tunawaachia mmoja."

Mchinjaji akauliza kama mwenye mali ameruhusu. Baba mdogo akajibu ameruhusu. Akachinja.

Mlio mjini mnaweza msione kosa liko wapi, nitawaeleza. Maksai mmoja halimi. Wazee wale wote walizaliwa nyuma ya ng'ombe, wanajua kufunga nira wakiwa wamefumba macho, na bado walikaa pale na vijiti vya kuchokolea meno wakijisifu kwa huruma yao. Tulimwazima maksai wa jirani tumfunge na Kifaru. Kifaru alikataa. Alijilaza kwenye mtaro wa plau na hakuinuka, apigwe, abembelezwe. Hata akienda kunywa maji alitembea upande wa kushoto wa njia, ameacha nafasi ya mwenzake kulia.

Mwaka ule mama alilima kwa jembe la mkono, na mimi niliacha shule nikalime naye. Tulichelewa kupanda. Uwele ulitoka mfupi, ndege wakaumaliza. Kifaru alipelekwa mnadani, akaishia kwenye mishkaki, na darasa la saba mimi sikulikanyaga. Watu walikula mlo mmoja wa mchana, wakanawa, wakasema marehemu amezikwa kwa heshima.

Sasa nirudi kwa Mchinjaji.

Watu walipoona hali nyama walisema daktari amemkataza. Walisema ana presha, wengine miguu inamvimba. Hapakuwa na daktari wala uvimbe. Alitembea kwa miguu kwenda Ihanja na kurudi mpaka uzeeni. Walipochoka na presha wakasema amerogwa. Walipochoka na uchawi wakasema ni bahili. Yeye alikuwa na jibu moja kwa wote: "Mimi ndiye ninayemshika shingo. Ninyi mnakutana naye kwenye sahani."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo na hakuyasema kwa upole. Kijana mmoja alimwambia kwenye harusi kwamba mwanamume bila nyama hana nguvu. Mchinjaji akamuuliza nani alilima shamba lao msimu ule. Kijana akajibu, maksai. "Maksai anakula nini?" Kijana akacheka, akasema majani. "Basi kalale," alisema Mchinjaji, akaendelea na dengu zake.

Hakuwahi kusema kula nyama ni dhambi. Alisema ni tabia ya watu wachache kula jasho la wengi. Katika kazi yake aliona usichokiona wewe unayeletewa sahani. Aliona maini yakibanikwa kwanza palepale penye majani yanayotandikwa kuchinjia, na waliokula maini ni wanaume waliokaa kwenye mabenchi. Aliona kidari kinakwenda kwa nani na ulimi unakwenda kwa nani. Aliona kina mama wakipewa matumbo wakayaoshe, wanaosha mpaka migongo inauma, kisha wanaambulia mchuzi. Watoto walipewa mfupa mmoja waupokezane. "Kisha mnasema nyama inajenga mwili wa mtoto," aliwahi kuwafokea wazee. "Mtoto gani? Mtoto gani wa hapa mmemjengea mwili?" Wazee walimwambia achunge mdomo. Hakuuchunga.

Mimi mwenyewe nilikuwa mla nyama, tena wa kuvunja mifupa. Nilipoanza kuuza mafuta ya alizeti mjini Singida, kila nikipata faida nzuri nilikuwa napita kwa muuza supu asubuhi kujipongeza. Mimi na wenzangu tulimbeza Mchinjaji. Nilijiambia huyu mzee anajifanya mtakatifu wakati mikono yake ndiyo ilimwangusha Doa wetu. Kuacha kula baada ya kumaliza kuchinja, nilisema, kunamsaidia nani?

Na kusema kweli alikuwa mtu wa kukinzana na nafsi yake. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, na mkanda pia. Alikula mayai na kunywa maziwa ya mgando, na ukimchokoza anakwambia ng'ombe wake hajawahi kumlalamikia. Alifuga kuku wa kienyeji wengi kuliko mtu yeyote pale kijijini. Wachuuzi wa baiskeli wanaokusanya kuku wa Singida wapelekwe Dar walipofika kwake aliwafukuza kwa matusi, kisha akabaki analalamika kwamba kuku wamemaliza mtama wote uwanjani.

Siku za mnada utamkuta amesimama karibu na wachoma nyama, mikono nyuma, macho amefumba, anavuta harufu ya mbavu za mbuzi. Nilimkuta hivyo siku moja, nikamwamkia kwa kejeli. "Shikamoo, babu. Naona leo umeshindwa."

"Marahaba," alisema bila kufumbua macho. "Walaji wakiacha vitu vyenye harufu mbaya tu, hapo wameacha nini?"

Mke wake alikula nyama. Mchinjaji alimnunulia mwenyewe, robo kila Ijumaa, akaibeba kwenye mfuko mweusi akipita katikati ya watu wanaomcheka. Waliuliza kwa nini asimkataze. Alisema mke wake ana kichwa chake, siku kikimtuma ataacha. Hakikumtuma. Alikula nyama mpaka siku ya kufa kwake, na mzee aliendelea kuisifu mikono yake kwa namna alivyopika dengu, kwa vitunguu vingi na mafuta yetu ya alizeti, mpaka zinalainika na bado hazijapondeka.

Sikukuu ya Kuchinja alichinja wa kwake kama Waislamu wenzake. Lile fungu ambalo angekula yeye na watu wake aliligawa pia, akampelekea hata mama yangu Mkristo. Shekhe alimsihi aonje kidogo tu kwa ajili ya baraka. Inasemekana alionja kipande cha ukubwa wa kucha, akameza bila kutafuna, akarudi kwenye hotpoti yake. Hakutaka kugombana na dini yake. Ugomvi wake ulikuwa na sisi.

Na mlenda! Huwezi kumzungumzia bila mlenda. Sisi watu wa Singida tunaupenda mlenda tukiwa nyumbani na tunauonea haya mbele ya wageni, na hilo lilimchemsha damu kuliko jambo lolote. Alianika mlenda wake mwenyewe juu ya bati, akautwanga na kuchanganya na karanga. Alipanda kunde, choroko na maboga kwenye eneo dogo nyuma ya nyumba. Mwanamke akilalamika kwamba nyumbani hakuna kitoweo, anamshika mkono na kumtembeza shambani kwake, anamwonyesha kimoja kimoja. "Hiki si kitoweo? Na hiki? Nani alikudanganya?" Wengi walimkimbia. Wachache waliondoka na mbegu kwenye ncha ya kanga. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Hilo nilikuja kulijua baadaye, na lilinikera. Nilimuuliza mama anawezaje kumkaribisha mtu yule. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia.

Mwaka ule wa jembe la mkono, siku nilipokuwa mgonjwa nimelala, Mchinjaji alipita njia ya shambani kwetu. Alimwona mama amepinda mgongo na mtoto juu yake, na Kifaru amefungwa kwenye kisiki anawatazama. Mzee alisimama pale kwa muda mrefu. Kisha akaingia shambani, akachukua jembe langu, akalima matuta mawili mpaka mwisho. Akaliweka jembe chini, akaenda zake. "Tangu siku hiyo hajala nyama," alisema mama. "Alikuja kuniambia mwenyewe. Alisema, nilimuuliza asiye mwenye mali."

Sikuguswa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nilisema matuta mawili ndiyo nini, mimi nililima msimu mzima. Mama akanitazama, akaendelea kuchambua mlenda.

Lakini tangu hapo nilianza kusikia kwa sikio jingine jambo lililokuwa likimfanya achukiwe kijijini. Kila alipoitwa kwenye msiba, kabla ya kutoa kisu, aliuliza, "Wa pili yuko wapi?" Kama aliyeletwa ni maksai wa kazi na mwenzake yuko zizini, Mchinjaji aliomba aitwe mjane au watoto, awasikie wao wenyewe. Akiona wanalazimishwa, alifunga ala na kuondoka na hotpoti yake. Aliwaambia wapike maharage, wapike choroko. Aliwaambia kwamba mtu aliyekuja kulia hahitaji kushiba kuliko siku zote.

Walimwita mchawi, mbaguzi wa Wakristo, mwenye wivu. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wakamlalamikia kwamba mzee anavuruga misiba. Mwisho wakapata mchinjaji mwingine, kijana mwenye pikipiki kutoka barabarani, ambaye hakuuliza chochote. Mzee aliitwa mara chache tu, na familia zilizomheshimu. Miaka yote hiyo, maksai wangapi walichinjwa mmoja mmoja, na mashamba mangapi yakaota magugu mbele ya nyumba za wafiwa, na wazee wale wakapita mbele ya magugu hayo wakisema wajane siku hizi ni wavivu?

Mama alifariki mwaka jana, mvua za kwanza zikikaribia. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akilima pale nyumbani, na maksai wetu wawili walikuwa tayari kwa kazi. Aliagiza mzee aitwe, kwa kuwa mama alimheshimu.

Asubuhi ya mazishi baba mdogo, mzee sasa, meno yamebaki ya kuhesabika, alikaa kwenye benchi lilelile au ndugu wa benchi lile. Aliniita. Aliniita mimi kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na nadhani kwa sababu aliniona nimekuja na watu wa mjini.

"Mama yenu alikuwa mtu mzito," alisema. "Tukimzika kwa maharage tutachekwa mpaka Ihanja. Tunachukua mmoja tu. Tunawaachia mmoja."

Maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya mtoa zawadi.

Hapa ndipo penye ile aibu yangu. Miaka yote nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumjibu. Nilikuwa nikiyasema peke yangu nikipima mafuta. Sasa nikawatazama wenzangu wa sokoni waliokodi Kosta nzima kuja kunizikia mama, wamevaa vizuri, wamekaa chini ya turubai. Nikamtazama mdogo wangu. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, sema wewe." Nikasema, "Sawa, baba. Chukueni."

Mchinjaji alifika na fimbo. Alikuwa amepungua sana. Hotpoti ya bluu ilikuwa imechubuka mpaka rangi haionekani. Nilimwendea, nikapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu." Kisha akamtazama ng'ombe aliyekuwa amefungwa, akageukia mabenchi. "Wa pili yuko wapi?"

"Mzee, wewe kazi yako ni kisu," alisema baba mdogo.

"Nani ameruhusu?"

Wote walinitazama. Nikasema, "Mimi."

Nilidhani mzee atafunga ala aende zake, na nikiri nilitamani afanye hivyo, yeye achukiwe, mimi nipone. Hakuondoka. Alichomoa kisu, akakijaribu kwenye ukucha wa dole gumba.

"Mwaka ule ulikuwa mtoto, hukuulizwa," alisema. "Na mimi nilimuuliza asiye mwenye mali. Leo mwenye mali ni wewe na mdogo wako, na umeulizwa, umejibu. Basi shika kamba, mlete."

"Mwanamke hashiki kamba ya ng'ombe wa msiba," alisema baba mdogo.

"Aliyeruhusu ndiye atakayeshika. Vinginevyo mwiteni yule wa pikipiki."

Nikashika kamba. Sikuwa nimeshika kamba ya ng'ombe tangu utoto. Maksai yule hakuvuta wala hakugoma. Alizoea kuongozwa kwenda kazini na alidhani anakwenda kazini. Zizini mwenzake alilia mara moja. Tulitembea kuelekea pale palipotandikwa majani, na nikaona anatembea upande wa kushoto wa njia. Kulia kwake palikuwa na nafasi ya ng'ombe mzima.

Sikufika kwenye majani. Niligeuza kamba palepale, nikamrudisha. Nilipopita mbele ya mabenchi maneno yangu yote yakatoka, na hayakutoka vizuri kama nilivyokuwa nimeyapanga.

"Baba mdogo, mara ya kwanza mlikula darasa langu la saba! Mlikula, mkachokoa meno. Leo mnataka kula nini? Watoto wa huyu mdogo wangu? Nyama yenu hakuna! Asiyeweza kumlilia mama yangu bila nyama, njia ile pale!"

Baba mdogo aliinuka, akachukua kofia yake, akaondoka na wenzake watatu. Hawakusubiri hata kaburi. Mpaka leo hatusalimiani, na mimi sitakuwa wa kwanza. Mwanamke aliyesimamia jiko alichungulia, akauliza kelele za nini wakati gunia la maharage lipo. Wakapika maharage, ugali, na mlenda wa mama wenyewe, ule alioanika kabla ya kuugua. Watu wa Kosta wengine waliomba mlenda waongezewe, wengine walinong'ona. Kijijini bado wanasema tulimzika mama yetu kama kuku. Waseme. Mdogo wangu alilima msimu ule na maksai wawili.

Baada ya mazishi nilimpelekea Mchinjaji maji ya kunawa. Kwa mara ya kwanza hakufungua hotpoti yake. Alipokea sahani kutoka kwenye sufuria yetu, nami nikakaa chini karibu yake na sahani yangu. Sijala nyama tangu siku ile, ila sikujua bado kwamba ndivyo itakavyokuwa. Nilikuwa na swali moja tu.

"Babu, ningemfikisha yule ng'ombe kwenye majani, ungechinja?"

Alitafuna, akameza.

"Ningechinja."

"Kweli?"

"Kamba ilikuwa mkononi mwako, mwanangu. Nimechoka kuwaamulia." Alichota tonge lingine, akalichovya, akakunja uso. "Na haya maharage hayana chumvi."

Nikainuka kumtafutia chumvi.